Vyomdas Hafi Kanjhari

Ukifika Kanjhari ukamwambia mtu yeyote aliyepita miaka hamsini kwamba Vyomdas alikufa, jiandae kwa ugomvi. Atakuelewesha kwa upole kwanza: ndiyo, alikufa, lakini akafufuka. Ukizidi kubisha atakuuliza wewe ulikuwa wapi mwaka ule, na kama mama yako ndivyo alivyokufundisha, kubishana na watu waliojionea kwa macho yao. Walimwona akigeuka majivu kando ya kisima, na papo hapo wakamwona akirushiana rangi za sikukuu ya Holi na watoto, mzima wa afya, taa ya kifuani kwake ikiwaka kama kawaida. Walimwona hivyo wiki ishirini na tano mfululizo.

Mzee Harbilas ndiye aliyeendesha mashine ya sinema siku zote hizo, na kwa hesabu yake ni yeye peke yake mjini aliyejua kwamba Vyomdas alikufa moja kwa moja. Aliyemfufua ni yeye. Siri hiyo alikuwa ameikalia miaka arobaini, wala hakuogopa ijulikane na mji; mji ungemcheka wiki mbili ukachoka. Alimwogopa mtu mmoja tu, naye asubuhi ile alikuwa jikoni akichuja chai huku akiimba wimbo wa Holi wa Vyomdas kwa sauti ya puani.

"Baba Sarju, leo ndiyo leo," alisema Gendabai, mkewe. "Nivae ipi? Ile sari ya kijani, au ile niliyovaa harusi ya Sarju?"

"Kwani unakwenda wapi?"

"Hee! Usinifanyie uzee mapema hii. Mji mzima unakwenda, mimi nibaki hapa nachambua dengu?"

"Viti vimeoza vile, Mama Sarju. Vimejaa kunguni."

"Kunguni wa Chandrahas wananijua. Tumekua pamoja."

"Na goti lako?"

"Goti ni langu, nitalibeba mwenyewe." Akamsogezea kikombe, akamkazia macho. "Una nini wewe? Siku tisa hizi unalala kama mtu anayesubiri hukumu."

Harbilas akanywa chai ikiwa bado ya moto, akaungua ulimi, akapata sababu ya kutojibu.

Sinema ya Chandrahas ilikuwa inabomolewa. Ilishafungwa miaka kumi na moja iliyopita, popo wakahamia, na sasa mjukuu wa tajiri aliyeijenga alikuwa amepata kibali cha kujenga maduka. Lakini kabla ya tingatinga kufika, alikuja msichana mmoja kutoka Mumbai, Ketaki jina lake, ambaye kazi yake ni kutafuta picha za zamani zilizosahaulika, kuzisafisha na kuzirudishia uhai. Mwaka jana alikuwa ameiokota picha ya Vyomdas katika ghala fulani, imeliwa na unyevu nusu. Akaisafisha. Akaambiwa kwamba kuna mji mmoja tu India nzima ambako picha ile ilipendwa, naye akafunga safari kuja kuwaonyesha mara ya mwisho, bure, saa tisa alasiri kama zamani.

Wazee wa Kanjhari walifurahi hadi wengine wakatoa meno yao ya bandia kwenye glasi kabla ya wakati. Harbilas hakufurahi. Ketaki alikuwa ameisafisha picha na kuipanga ilivyotengenezwa, kila kitu mahali pake. Maana yake Gendabai angekaa pale, angemngoja Vyomdas arudi, na Vyomdas asingerudi. Halafu angegeuza shingo amtazame mumewe.

Picha yenyewe, tuseme ukweli, ilikuwa ya ovyo. Waigizaji hawakujulikana hata kwao. Vyomdas, mgeni aliyeanguka kutoka nyotani, alivaa koti la mvua lililopakwa rangi ya fedha, na waya wa ile taa ya kifuani ulionekana wazi ukishuka ndani ya suruali. Anaangukia kijiji chenye ukame, anaokotwa na mjane mmoja maskini, na mjane ndiye anayempa jina hilo la Vyomdas, mtumishi wa anga, kwa kuwa hana jina la kwake. Hasemi. Akiweka kiganja kwenye ardhi kavu, maji yanatoka. Akigusa taa isiyo na mafuta, inawaka. Akimshika mgonjwa, ugonjwa unahamia mwilini mwake, na kila akifanya hivyo ile taa ya kifuani inafifia kidogo.

Basi inakuja Holi, kijiji kizima kinacheza, Vyomdas anapakwa rangi hadi masikioni. Huo ni mkanda wa kumi na mbili. Katika mkanda wa kumi na tatu, watoto wote wa kijiji wanashikwa na homa. Vyomdas anapita nyumba kwa nyumba akiichukua homa yao, mtoto mmoja baada ya mwingine, mpaka taa inazimika, naye anageuka majivu. Mkanda wa kumi na nne ni mfupi: mjane anawasha taa kisimani, anatazama nyota, mwisho. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kokote kwingine. Picha ikaanguka kokote kwingine. Nani alipe nauli ya kwenda kulia?

Kanjhari ilifika mwezi wa kumi na moja, mwaka 1983.

Ammaji, mama wa mwenye sinema, hakuruhusu picha yoyote ianze Chandrahas kabla haijaombewa. Mikebe kumi na minne ya mikanda ilipangwa mbele ya sanamu ya Lakshmi, mungu wa kike wa neema, mlangoni pa chumba cha mashine, Ammaji akaanza puja yake ya kuiombea, akakoroga unga mwekundu wa sinduri na samli, akawa anapiga kidole gumba chekundu juu ya kila kifuniko na kubandika punje za mchele. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mikebe mingi aliipaka katikati. Miwili aliipaka juu ya namba, na akapaka kwa ukarimu.

Mtu wa mahali pengine atauliza kwa nini Harbilas asifute. Sinduri ya puja! Afute kabla picha haijaonyeshwa hata mara moja, Ammaji akiwa amekaa pale pale nje na shanga zake! Afadhali angejitupa mwenyewe kwenye mashine. Harbilas aliinua mkebe mmoja, akainua mwingine, akapima uzito kwa mkono, akakisia. Na siku hizo hakuwa na akili ya kukisia sawasawa.

Kwa sababu miezi minne kabla ya hapo, katikati ya mvua, Munnu alikuwa amekufa.

Munnu alikuwa na miaka minne, mtoto wao wa kwanza, na wakati huo wa pekee. Homa ilimkamata Jumapili. Jumatatu alasiri jirani alipanda ngazi za chumba cha mashine akihema, akasema mtoto amezidiwa, mkeo anakuita upesi. Hakukuwa na mwendesha mashine mwingine. Mashine ikiachwa, mkanda unaungua, na watu mia nane wamo ndani. Harbilas akatazama mkanda uliobaki, akasema neno analosema kila mwendesha mashine kila siku bila hata kufikiri. Alisema, "Ngoja mkanda uishe." Ulikuwa umebakiza dakika kumi. Alipofika nyumbani, wanawake walikuwa wameshaanza kulia.

Daktari aliapa kwamba dakika kumi zile zisingebadili kitu. Gendabai hakusema chochote. Hakumlaumu, hakulia mbele yake. Aliacha kupika, shemeji yake ndiye aliyekuwa akileta chapati zimefunikwa. Na aliacha kumwita Baba Munnu. Hakumwita kwa jina lolote. Akitaka kumwambia kitu, aliuambia ukuta, na Harbilas akausikiliza ukuta.

Siku Vyomdas alipoanza, Ijumaa, Ammaji alimvuta Gendabai kwa mkono hadi sinema, akamketisha upande wa wanawake nyuma ya pazia. Harbilas alimwona kupitia kidirisha cha mashine, ameketi kama furushi la nguo ambalo mwenyewe amelisahau. Watoto wa kwenye picha walipoanza kuugua, Harbilas alishika ukingo wa kidirisha. Angejua kuna homa ya watoto ndani ya picha hii, angefunga mlango asiingie. Vyomdas akageuka majivu. Mkanda ukaisha, mashine ya pili ikapokea, na badala ya mjane na taa yake, ukuta mzima ukajaa rangi.

Ngoma. Holi. Watoto wote wazima, wanakimbia, na katikati yao Vyomdas na koti lake la mvua.

Harbilas alijua palepale alichofanya. Kusimamisha picha katikati ni kuita viti vivunjwe. Lakini ukumbi ulikuwa umekwisha kusimama. Watu walipiga mayowe, walikumbatiana na wasiowajua, mwanamume mmoja alipanda jukwaani akaligusa pazia jeupe kwa paji la uso. Naye Harbilas alibandika jicho kwenye kidirisha, akamtafuta mkewe. Gendabai alikuwa amesimama juu ya kiti. Machozi yanamtiririka, na anacheka. Hakuwa amemwona akicheka tangu mvua.

Jioni ile umeme ulikatika, onyesho la pili halikuwepo. Asubuhi ya Jumamosi, puja ikiwa imemaliza kazi yake, Harbilas alifuta sinduri kwa mafuta ya taa, akaandika namba upya kwa rangi nyeupe, kubwa kama za kwenye mabasi. Aliapa hatarudia. Mwendesha mashine haigusi picha ya watu. Huo ndio ulikuwa msahafu wake. Saa tisa akaanza: mkanda wa kwanza, wa pili, mpaka wa kumi na moja. Akachungulia kidirishani. Gendabai alikuwa amerudi. Amekuja peke yake, hakuna aliyemvuta, na mapajani ana bunda la kitambaa cha manjano, la kupeleka kwa fundi cherehani pengine. Ameketi wima, anatazama mbele.

Harbilas aliutazama mkebe wenye kumi na mbili. Akauacha. Akashika wenye kumi na tatu.

Tajiri mwenye sinema alipanda ngazi mbiombio kuja kumtukana. Alipofika juu akasikia ukumbi ulivyolipuka, akageuka akashuka taratibu kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Na usiku ule, kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne, Gendabai alipika. Dengu ilikuwa na chumvi kama ya kuhifadhia samaki. Harbilas aliila yote, akalamba na sahani.

Baada ya hapo kulikuwa na Vyomdas tu. Mafundi walishona makoti ya fedha. Watu walikuja na trekta kutoka vijiji vya mbali, wakaja na unga wa rangi mifukoni, na kila siku ukifika ule wimbo walijipaka humo ndani, hata viti vya Chandrahas havikurudi tena rangi yake. Wagonjwa waliletwa waguse pazia. Mwaka uliofuata Sarju alizaliwa, na Gendabai akaanza kumwita mumewe Baba Sarju. Harbilas alipokea jina hilo kwa mikono miwili. La zamani hakuwahi kulidai.

Sasa, miaka arobaini baadaye, alipanda tena ngazi zilezile saa nane mchana, akishika ukuta. Chumba cha mashine kilinuka popo, lakini chini ya popo bado kulikuwa na harufu ya vijiti vya kaboni vya taa ya mashine, na Harbilas alisimama mlangoni akaivuta mpaka macho yakamlowa. Mashine mbili zilikuwa zimefunikwa gunia. Ketaki aliketi kati yake na kompyuta ndogo magotini na kimashine cha kisasa kisichozidi sanduku la mkate.

"Karibu, babu! Nimekuwekea kiti. Leo wewe ni mgeni wa heshima."

"Binti, nina ombi." Harbilas hakukaa. "Hiyo picha yako. Unaweza kuitanguliza homa, Holi ikaja baadaye?"

Ketaki alicheka, kisha akaona mzee hacheki. "Unasema nini, babu?"

Akamweleza. Sinduri, mikebe, Munnu, yote, kwa mara ya kwanza maishani, kwa mtoto wa watu ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. Ketaki alisikiliza amefunika mdomo.

"Kumbe ndiyo maana," alisema mwishowe. "Kila ninayemuuliza hapa ananiambia alifufuka. Nikadhani ni mji wenye wazimu." Akaitazama kompyuta magotini. "Lakini babu, nimekaa miezi kumi na minne naipanga hii picha kama mwenyewe alivyoitengeneza. Aliyeitengeneza alikufa maskini, hakuna aliyeitazama ilivyo. Leo ndiyo siku yake. Nikiigeuza mimi tena, si nitakuwa nimemzika mara ya pili?"

Harbilas angekuwa yeye angesema hivyo hivyo. Huo ulikuwa msahafu wake, na alikuwa ameuvunja mara mia moja na zaidi.

"Mwambie tu bibi," Ketaki alisema kwa upole. "Mwambie kabla haijafika."

"Wewe hujaolewa," alisema Harbilas, akashuka.

Ukumbi ulijaa. Waliozeeka walikuja na fimbo, na wajukuu, na karanga ambazo hawana tena meno ya kuzitafuna. Pazia la upande wa wanawake lilishaoza zamani, kwa hiyo Harbilas, kwa mara ya kwanza katika maisha yake yote, aliketi Chandrahas kando ya mkewe. Gendabai alikuwa amevaa ile ya kijani. Nyuma yao alikaa Badri muuza tambuu, shavu limevimba tambuu, mdomo haufungwi.

"Harbilas! Leo umeshushwa cheo, umekaa na sisi mahayawani wa chini?"

"Nyamaza Badri, utatutemea mate."

"Mwache," alisema Gendabai. "Miaka arobaini anatema, leo ndiyo atajifunza?"

Picha ikaanza. Ilikuwa safi mno. Waya wa Vyomdas ulionekana vizuri kuliko wakati wowote, na ukumbi mzima ukaupigia makofi. Mjane alipompa jina, wazee walilitamka pamoja naye. Maji yalipotoka ardhini walipiga mluzi. Harbilas alihesabu mikanda kichwani, maana mkono wake bado ulijua kila mmoja unaishia wapi. Tisa. Kumi. Akapiga moyo konde.

"Mama Sarju, kuna jambo nataka kukuambia."

"Ngoja mkanda uishe," alisema Gendabai.

Hakugeuka hata kumtazama. Harbilas alirudi nyuma kitini kama aliyepigwa ngumi, akakaa hivyo hadi wa kumi na moja ukapita. Na rangi za Holi zikafumuka kwenye pazia, kabla ya wakati wake.

Ukumbi ulishangaa. "Mbona hajafa?" mmoja aliuliza. "Anachezaje Holi hajafa bado?" Wengine walianza kucheza hata hivyo, wakasita katikati, hawajui kama ni furaha yenyewe au kionjo tu. "Harbilas! Kazi gani hii!" alipaza sauti mzee mmoja mbele. "Mikono imekufa ganzi?" Wakacheka. Harbilas hakucheka. Ikaja homa. Nyumba kwa nyumba, mtoto kwa mtoto, taa ikafifia, ikazimika. Majivu. Kisha mjane, taa yake, na nyota. Neno la mwisho likatokea kwenye pazia, na watu mia sita wa Kanjhari wakakaa kimya kama waliokatwa ulimi.

Gendabai hakusogea. Harbilas alimtazama kwa pembe ya jicho. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Ilikuwa sinduri," alisema Harbilas. Sauti ilimtoka yote pamoja. "Ammaji alipaka juu ya namba. Nikakosea. Hakufufuka, Mama Sarju. Hakuwahi kufufuka. Nimekudanganya miaka yote hii. Nisamehe."

"Najua," alisema Gendabai.

"Unajua nini?"

"Huyu hapa," alimsonta Badri kwa kidole gumba bila kugeuka, "alikuwa ameiona picha mjini Jhansi kabla haijafika huku. Ijumaa ileile nimetoka tu mlangoni, akanikamata. Eti shemeji, mumeo kachanganya mikanda, kule anakufa jumla. Akajiona bingwa wa kujua."

Nyuma yao Badri aliacha kutafuna.

Gendabai aliweka mikono yake mapajani, kiganja juu ya kiganja. "Jumamosi kaka yangu alikuwa ananingoja stendi. Basi la saa kumi na mbili, twende kwetu, nisirudi. Nguo zangu nilikuwa nimezifunga."

"Bunda la manjano," alisema Harbilas.

"Kumbe uliliona."

"Nilidhani unapeleka kwa fundi."

"Fundi!" Alitikisa kichwa. "Nilipitia hapa nimwone Vyomdas akifa sawasawa, nihakikishe, kisha niende zangu. Maana mtoto alinifia mikononi huku mwanamume wangu hawezi kuuacha mkanda. Nikasema, leo ameshajua kosa lake, mtu huyu haachi mkanda upite pasipo zamu yake hata dunia ikiungua. Ikafika pale. Nikaona rangi. Nikageuka nikatazama kule juu kidirishani, nikaliona jicho lako."

Harbilas aliinua macho akakitazama kidirisha.

"Ijumaa ilikuwa sinduri, sikatai," alisema Gendabai. "Jumamosi ilikuwa nani?"

"Mimi," alisema Harbilas. Alikuwa analia, mzee mzima, na hakujificha.

"Basi. Nikarudi nyumbani nikapika dengu."

"Ilikuwa na chumvi."

"Ukaila."

"Na mbona hukuniambia? Miaka arobaini, mwanamke wewe!"

"Ningekuambia ungeona haya, ungeacha. Nami nilitaka umfufue kila siku."

Mbele mtu akapiga fimbo sakafuni. Mwingine akafuata. "Mfufue!" sauti moja ya kikongwe ilisema, na nyingine ikaitikia, kisha ukumbi mzima, wazee kwa wajukuu ambao hawakujua hata wanachodai, fimbo zinagonga, vumbi la rangi za miaka arobaini linapanda kutoka vitini, jekundu na la manjano. "Mfufue! Mfufue!" Badri alipiga kelele kuliko wote, huenda kwa kujiosha.

Harbilas aligeuka akatazama juu. Kwenye kidirisha palikuwa na uso wa Ketaki, umepauka. Picha ilikuwa imekwisha kuonyeshwa ilivyo, mwanzo hadi mwisho. Aliyeitengeneza alikuwa amepata siku yake. Harbilas akainua mkono, akauzungusha taratibu hewani, kama mtu anayerudisha mkanda nyuma. Uso ukatoweka kidirishani.

Pazia likawa jeupe muda kidogo. Kisha zikaja ngoma, zikaja rangi, zikaja mbio za watoto wazima, na katikati yao Vyomdas na koti lake la mvua na waya wake, hai, taa inawaka. Ukumbi ulisimama. Gendabai naye alishika bega la mumewe, akajiinua kwa goti lake bovu, akataka kupanda kiti.

"Utaanguka wewe!"

"Basi nishike," alisema. "Nishike, Baba Munnu."